Mashine Isiyotakiwa Kurudi Nyuma

ATP sintasi ni kimeng'enya kinachozunguka. Kimeng'enya cha kawaida huishika molekuli, huibadili, kisha huiachia. Hiki kina mhimili unaogeuka katikati ya duara la protini kama ekseli ndani ya beringi, zaidi ya mara mia moja kwa sekunde, na kila mzunguko hutoa molekuli tatu za ATP. ATP ndiyo hubeba nishati ambayo seli huitumia kujenga protini, kunakili DNA na kupitisha vitu kwenye utando wake. Karibu kila bakteria anayo mashine hii, kuanzia yule wa tumboni mwa mtoto wa Nyalenda, mjini Kisumu, hadi yule anayeelea juu ya maji ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Umbo lake limebadilika kidogo mno kwa muda mrefu kupita kiasi. Kilichobadilika sana ni breki zake, nazo ndizo sura hii inazozieleza.

Mashine ina sehemu mbili. Ya kwanza, Fo, imezama ndani ya utando wa seli. Humo mna pete iliyoundwa na nakala kadhaa za protini ndogo iitwayo c, na ubavuni mwa pete kuna protini a yenye vijia viwili, kimoja kikianzia nje ya utando na kingine kikitokea ndani, vyote vikiishia katikati. Protoni huingia kwa kijia cha kwanza, hukaa juu ya pete, huzungushwa karibu duara zima, kisha hutoka kwa kijia cha pili. Sehemu ya pili, F1, imechomoza ndani ya seli. Ina vipande sita, alfa tatu na beta tatu, vilivyopangwa kwa kupishana kama vipande vya chungwa lililomenywa. Mhimili unaoitwa gama umeshikamana na pete chini na kupenya hadi katikati ya chungwa. Mhimili huo umepinda kidogo, na kupinda huko ndiko siri ya kazi yote. Unapogeuka hubana kila beta kwa zamu, na beta iliyobanwa hulazimisha ADP na fosfeti kuungana.

Mfano wa karibu uko Sondu Miriu, katika Kaunti ya Kisumu, ambako mto huporomoshwa kwenye mabomba kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 60. Kwa bakteria, mahali pa mto pamechukuliwa na protoni zilizorundikana upande mmoja wa utando, zikisukumwa huko na upumuaji au na mwanga wa jua. Peter Mitchell alilitoa wazo hilo mwaka 1961, likapingwa kwa miaka mingi, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya Sondu na seli. Maji ya Sondu hayarudi mlimani yenyewe, ilhali mashine ya bakteria inaweza kugeuka upande wa pili bila kubadilishwa chochote. Protoni zikiwa nyingi, zinasukuma mhimili na ATP inatengenezwa. Zikipungua wakati ATP bado imejaa ndani ya seli, ATP huanza kuvunjwa, mhimili unageuka kinyume, na protoni zinasukumwa nje. Kila fundi wa bomba anayefunga pampu ufukweni anaijua hatari ya aina hii: umeme ukikatika, maji yaliyokwisha kupandishwa kwenye tangi hutaka kurudi ziwani kwa bomba lilelile, na ndiyo maana anaweka vali ya kuyazuia. Bakteria asiye na vali hiyo anaweza kuimaliza akiba yake kwa kuzungusha mashine iliyotakiwa kuijaza.

Kwamba mashine inageuka kweli kulithibitishwa kwa hatua. Paul Boyer alipendekeza kwamba vyumba vitatu vya beta hufanya kazi kwa zamu. Mwaka 1994 kundi la John Walker huko Cambridge lilionyesha umbo la F1 ya ng'ombe, na vyumba vitatu vilionekana vikiwa katika hali tatu tofauti. Wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Mwaka huohuo wa 1997, Wajapani Hiroyuki Noji, Masasuke Yoshida, Kazuhiko Kinosita na wenzao walifanya jaribio ambalo mpaka leo linastahili kuhesabiwa miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote katika biolojia. Walichukua F1 ya bakteria apendaye joto, wakaibandika kwenye kioo ikiwa imepinduliwa, wakaufunga kwenye mhimili wake uzi wa aktini uliotiwa rangi inayong'aa, kisha wakamimina ATP. Chini ya hadubini uzi ulianza kuzunguka, upande uleule daima. Baadaye ilionekana kwamba hauendi mfululizo. Hupiga hatua za digrii 120, hatua moja kwa kila ATP.

Majaribio hayo ndiyo yaliyoanika breki ya kwanza, iliyo ya zamani na ya jumla kuliko zote. F1 iliyokuwa ikizunguka vizuri ilikuwa ikisimama ghafla, hukaa kwa wastani wa sekunde 30 hivi, kisha huendelea. Sababu ni ADP yenyewe. ATP ikivunjwa, ADP pamoja na magnesiamu huweza kunasa ndani ya chumba cha beta na kukataa kutoka, na mhimili hukwama hapo. Ubora wa breki hii ni kwamba inashika zaidi upande mmoja. Msukumo wa protoni unaporudi, husaidia kuing'oa ADP iliyonasa, mashine ikaamka na kuanza kutengeneza ATP. Bakteria hahitaji protini yoyote ya ziada kwa breki hii, kwa sababu zao la mashine linapokosa kuondolewa ndilo linaloizuia.

Breki ya pili imekaa juu ya mhimili wenyewe. Ni kipande kidogo kiitwacho epsiloni, kinachozunguka pamoja na gama. Nusu yake ya mwisho ina vijiti viwili vya protini vinavyoweza kukunjwa au kunyooshwa. Vikikunjwa hulala chini karibu na utando na mashine huzunguka bila kizuizi. Vikinyooka huchomeka juu ndani ya chungwa, kando ya gama, na kuikwamisha kama kijiti kilichochomekwa kwenye spoku za baiskeli. Umbo la F1 ya Eskerikia koli, yaani E. coli, likiwa limefungwa kwa namna hii lilichapishwa mwaka 2011, na miaka mitano baadaye mashine nzima ikaonekana katika hali hiyohiyo. Kwa bakteria wa joto aliyetumiwa na Wajapani, epsiloni hushika ATP na kwa kushika huko hubaki imekunjwa. Maana yake inapendeza: ATP ikiwa tele, kijiti hulala, ikipungua mno, kijiti husimama na kuzuia kilichobaki kisiteketezwe. Epsiloni ni kipimo na kufuli kwa pamoja. Kwa E. coli kipimo hicho hakifanyi kazi kwa nguvu kama hiyo, na si ajabu, kwa kuwa maisha yake ni mengine.

Ndugu huyu wa tumboni, ambaye wapimaji wa maji humtafuta ili kujua kama kisima au ufuko umechafuliwa na kinyesi, huishi sehemu kubwa ya maisha yake mahali pasipo oksijeni. Hapo hupata ATP kwa kuchachusha sukari, na upumuaji haumpi protoni za kutosha. Lakini bado anazihitaji protoni nje ya utando, kwa kuwa ndizo anazozitumia kuingiza vyakula vingi na kuzungusha mijeledi yake ya kuogelea. Basi huiendesha mashine kinyume kwa makusudi. Kufuli ngumu ingemdhuru. Anayehitaji zaidi njia hiyo ni bakteria wa maziwa lala. Anapochachusha, asidi ya laktiki hujaa ndani yake na nje yake, naye huitumia mashine kama pampu ya kutoa protoni ili asife kwa asidi aliyoitengeneza mwenyewe. Kwa jamaa yake Enterococcus hirae, asidi ikiongezeka ndani ya seli, mashine nyingi zaidi hujengwa na kupachikwa kwenye utando. Kwa hiyo udhibiti si breki peke yake. Wakati mwingine ni hesabu ya mashine ngapi zijengwe, na kwa E. coli hesabu hiyo ina usahihi wa kushangaza: vipande vyote vya mashine husomwa kutoka kwenye mlolongo mmoja wa jeni, lakini protini c, inayohitajika nakala kumi, husomwa mara nyingi zaidi kuliko wenzake wanaohitajika nakala moja.

Idadi ya c katika pete ni jambo la kuangaliwa, kwa kuwa ndiyo gia ya mashine. E. coli ana 10. Bakteria wa kifua kikuu ana 9. Spirulina, ambaye jamaa zake wa karibu ndio chakula cha heroe wa Ziwa Nakuru, ana 15. Kwa kuwa mzunguko mmoja hutoa ATP tatu daima, mwenye pete ya 9 hulipa protoni tatu kwa ATP moja, na mwenye pete ya 15 hulipa tano. Gia kubwa humwezesha Spirulina kutengeneza ATP hata msukumo wa protoni ukiwa dhaifu. Gia hii haibadilishwi bakteria akiwa safarini. Imeandikwa katika jeni zake.

Katika Ghuba ya Winam swali la kurudi nyuma huulizwa kila jioni. Ghuba ni ya kina kifupi, na mito ya Nyando, Sondu na Kisat huiletea mbolea ya mashamba na maji machafu ya mji. Sianobakteria, hasa Microcystis na Dolichospermum, hustawi humo hadi maji ya karibu na ufukwe wa Dunga kuonekana kama yamemwagiwa rangi ya kijani. Baadhi yao hutoa sumu iitwayo mikrosistini, inayodhuru ini, na ndiyo sababu watafiti wa Kisumu, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, huyafuatilia maji hayo. Viumbe hawa huishi kwa jua, na Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima, bila msimu wa nafuu, hupata mwanga kwa saa kumi na mbili hivi na giza kwa muda kama huo.

Mchana mwanga husukuma protoni kwa wingi na mashine zinazunguka upande unaotakiwa. Jua likizama, wavuvi wa omena wakiwasha taa zao majini, msukumo huo hukatika. Sianobakteria hubaki na glaikojeni waliyoihifadhi, ambayo huichoma kwa kupumua kwenye utando uleule. Ndani ya tabaka nene la kijani oksijeni hupungua sana usiku. Uhaba wa oksijeni umewahi kuua samaki wa vizimba ghubani humo. Seli iliyo katikati ya tabaka hilo ina ATP ya mchana, haina mwanga, na oksijeni inaelekea kwisha. Ni hali ambayo mashine isiyo na breki ingeila akiba yote kabla ya alfajiri.

Mimea ya kijani ililitatua tatizo hili kwa swichi. Katika jani la gugu maji linaloelea ghubani, au la sukuma wiki shambani, gama ya mashine ina kitanzi chenye asidi amino mbili za salfa. Gizani salfa hizo hushikana na mashine hufungwa. Mwanga ukija, protini nyingine iitwayo thioredoksini huzitenganisha na mashine hufunguka. Sianobakteria, ambao kloroplasti ya mmea ilitokana na jamaa zao wa kale, wana kitanzi hichohicho kwenye gama lakini hawana salfa mbili hizo. Kwa muda mrefu kitanzi kilionekana kama masalia yasiyo na kazi. Watafiti wa Japani walipokikata mwaka 2010, walikuta kwamba mashine isiyo nacho huvunja ATP kwa urahisi zaidi, na seli zake hushindwa kuilinda ATP gizani. Kitanzi huisaidia ile breki ya kwanza, ya ADP iliyonasa, ishike kwa nguvu.

Kitanzi peke yake hakikutosha. Mwaka 2022 kundi la Wolfgang Hess na wenzake huko Ujerumani lilieleza protini ndogo sana, ya asidi amino 48 tu katika Synechocystis, sianobakteria anayependwa na maabara. Waliiita AtpTheta. Huongezeka seli ikiingia gizani, hujishika kwenye mashine na kuizuia isivunje ATP; jua likichomoza huondolewa. Jeni za kuijenga zimeenea kwa sianobakteria wengi. Hizi ni breki mbili za aina tofauti: kitanzi kiko tayari muda wote, ilhali protini ndogo hujengwa jioni kwa kazi ya usiku. Kwa kiumbe anayekabiliwa na jioni moja kila siku bila kukosa, matumizi ya aina hiyo ya kinga ni ya busara.

Bakteria wengine wamebuni zao. Paracoccus denitrificans na jamaa zake wana protini iitwayo zeta, iliyoelezwa na watafiti wa Mexico mwaka 2010, inayoingia kwenye F1 na kuifunga. Mitokondria za binadamu, ambazo asili yake ni bakteria wa ukoo wa karibu na huo, zina kizuizi chao kiitwacho IF1, kinachojulikana tangu 1963. Kinachojirudia katika visa hivi vyote ni kwamba mashine ni ileile na kufuli si ileile.

Kufuli ngumu kuliko zote inapatikana kwa Mycobacterium tuberculosis, bakteria wa kifua kikuu. Ugonjwa huu unajulikana mno katika kaunti za ukanda wa ziwa, ambako maambukizi ya VVU yako juu kuliko sehemu nyingi za nchi, na mwenye VVU huangushwa na kifua kikuu kwa urahisi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta watu 558 wenye ugonjwa uliothibitishwa katika kila watu 100,000 wa miaka 15 na zaidi nchini Kenya.

Bakteria huyu anaweza kukaa mapafuni kwa miaka bila kuzaliana, amezungukwa na seli za kinga, oksijeni ikiwa haba. ATP yake hushuka mara kama tano, na anaendelea kuishi. Hana njia ya E. coli ya kujikimu kwa kuchachusha. Bila ATP sintasi hawezi kukua hata akilishwa sukari. Kwa hiyo mashine ni roho yake, na kuirudisha nyuma ni hasara asiyoweza kuimudu. Watafiti waliopima mashine za bakteria wa jamii hii walishangazwa na jambo moja: hutengeneza ATP vizuri, lakini ukizipa ATP zivunje, karibu hazifanyi chochote. Walipoziongezea tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, zilianza kuvunja ATP. Kitu fulani kilikuwa kimekatwa, na kitu hicho ndicho kilikuwa breki.

Kilitambuliwa waziwazi mwaka 2021, kundi la John Rubinstein huko Toronto lilipoipiga picha mashine ya Mycobacterium smegmatis, jamaa wa kifua kikuu asiye na madhara makubwa, kwa hadubini ya elektroni katika baridi kali. Alfa za jamii hii zina mkia wa ziada mwishoni, wa asidi amino 35 hivi, usioonekana kwa E. coli wala kwa binadamu. Mhimili ukijaribu kugeuka kinyume, mkia hunasa kwenye gama kama ndoana na kuusimamisha. Ukigeuka upande wa kutengeneza ATP, ndoana haina pa kushika. Hiyo ni vali ya fundi wa bomba hasa. Epsiloni ya bakteria huyu ni fupi na haifanyi kazi ya kijiti. Alfa imeichukua kazi hiyo. Gama nayo ina kitanzi cha ziada ambacho ni cha jamii hii pekee.

Ujuzi huu una uzito katika kliniki za kifua kikuu za Kisumu kama za kwingineko, kwa sababu mashine hiyo ndiyo inayolengwa na bedakwilini. Dawa hii ilitangazwa mwaka 2005 na Koen Andries na wenzake wa kampuni ya Janssen, na kuidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, ikiwa ya kwanza ya aina mpya kabisa dhidi ya kifua kikuu baada ya miaka zaidi ya 40. Hujibana kwenye pete ya c, pale protoni inapotakiwa kukaa, na pete hushindwa kupita mbele ya protini a. Mashine ya mitokondria za binadamu haishikwi kwa urahisi namna hiyo. Vipimo vilionyesha kwamba inahitaji dawa mara 20,000 zaidi. Bedakwilini huua hata bakteria waliolala, ambao dawa nyingi huwakosa kwa sababu hulenga seli inayojengwa. Seli iliyolala haijengi, lakini lazima izungushe mashine yake. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza bedakwilini pamoja na pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa wengi wenye kifua kikuu kisichosikia rifampisini, kwa miezi sita ya vidonge. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa wengi walichomwa sindano za kila siku kwa miezi, zilizowaacha baadhi yao viziwi. Anayewajali wagonjwa hawezi kuipita tofauti hiyo haraka.

Bakteria ameanza kujibu. Baadhi hubadili asidi amino chache za protini c ili dawa isikae. Wengi zaidi huongeza pampu za kutoa dawa nje ya seli. Ndiyo maana sehemu nyingine za mashine zimeanza kuchunguzwa. Kitanzi cha gama, kwa kuwa binadamu hana, kinafaa kulengwa, na mwaka 2020 kundi la Gerhard Grüber huko Singapore lilieleza molekuli iitwayo GaMF1 inayokilenga. Katika maabara iliua bakteria wa kifua kikuu sugu, pamoja na wale wasiosikia tena bedakwilini, na dawa hizo mbili zikitumiwa pamoja ziliongezeana nguvu, moja ikiwa imeshika pete chini na nyingine mhimili juu.